Vibanio vya Mgongoni

Kitu cha kwanza alichokiona Bibiana katika duka la shangazi yake kilikuwa vibanio.

Alipewa fagio siku ile ile aliyofika kutoka kijijini Daa, begi lake halijapata hata pa kuwekwa. Dirishani palisimama sanamu la kike, jeupe, lisilo na kichwa, limevalishwa gauni lililoshika kiuno kama cha nyigu. Wasichana waliopita barabarani walipunguza mwendo wakalitazama, wakatazama viuno vyao wenyewe, wakaondoka kimya. Bibiana akafagia mpaka nyuma ya sanamu. Huko nyuma, kuanzia mabegani hadi makalioni, gauni lilikuwa limekusanywa na kubanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, vya plastiki, vya bluu na vya njano, vimepangwa kama uti wa mgongo wa mnyama asiyejulikana. Gauni lenyewe lilikuwa pana kama gunia la mkaa.

Akasimama na fagio lake. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Akaendelea kufagia. Bibiana hakuwa mtu wa kusema. Shule aliiachia darasa la tano, mwaka aliofariki baba yake, na tangu hapo alishika tabia ya kunyamaza mbele ya kila mtu anayesoma haraka kuliko yeye. Na shangazi yake alisoma haraka sana, hasa kwenye simu.

Shangazi Leonida alikuwa mdogo wa marehemu baba yake. Kwa kuzaliwa alikuwa wa Daa kama mbaazi za Daa, lakini kwa nia alikuwa wa mbali, wala hata yeye hakujua ni mbali wapi. Duka lake lilitazama barabara kuu ya Karatu, ile inayopandisha magari ya watalii kwenda kreta, na juu ya mlango aliandika “Leonida Mitindo ya Dunia.” Kila asubuhi alifungua simu akajua dunia imevaa nini, kisha akaitangazia Karatu.

“Mwaka huu dunia inavaa mabega,” alitangaza mwezi wa tano.

Dunia ipi, hakusema. Mwaka uliotangulia dunia ilivaa matobo magotini. Kabla ya hapo ilivaa manyoya ya bandia, yakanasa vumbi jekundu la Karatu mpaka kila aliyeyavaa akafanana na mbweha aliyetoka shimoni.

Nje ya mlango dunia nyingine ilipita kila asubuhi bila kutangazwa. Walipita wauza maziwa waliovaa kitenge juu ya suruali na suruali juu ya soksi. Walipita akina mama wa vitunguu ndani ya majaketi ya mtumba yenye majina ya shule za nchi ambazo hawatazifika, na majina hayo hayakuwasumbua, mradi zipu inapanda mpaka kidevuni. Vijana wa bodaboda walivaa makoti kinyume, kifungo mgongoni, ili upepo usipate mlango kifuani. Ukungu ukishuka kutoka msituni huko juu, mji mzima ulijifunga mashuka kama wagonjwa waliotoroka wodini. Na hakuna aliyepiga picha.

Hata Shangazi mwenyewe, juu ya kaunta alikuwa wa dunia, blauzi ya hariri na kidani. Chini ya kaunta alikuwa wa Karatu kabisa, suruali nzito ya kiume na mabuti ya mvua. Wateja waliingia na kutoka miaka yote hiyo, wala hakuna aliyewahi kuinama.

Sanamu lina kasoro moja, haliwezi kutembea. Basi Shangazi alipomtazama mpwa wake vizuri, mrefu, mwembamba, shingo ndefu, akapiga kofi moja hewani.

“Wewe mtoto, hebu nyoosha mgongo. Ee! Mungu hakukunyima kila kitu.”

Toka siku hiyo Bibiana alifagia duka akimaliza akapigwa picha. Mpigaji alikuwa Lucas, kijana wa studio ya jirani aliyezoea kupiga picha za vitambulisho. Alipenda kupiga alfajiri, pembeni mwa shamba la kahawa, kwa sababu alisema mwanga wa saa hizo ni laini. Mwanga ulikuwa laini kweli. Upepo haukuwa laini. Bibiana alisimama mabega wazi kwenye umande, vibanio vimemuuma mgongo mzima, na Shangazi, ndani ya koti lake, akimpigia kelele kutoka kwenye gari.

“Usikunje uso! Cheka na macho! Mtu wa mitindo hasikii baridi!”

“Mikono imetoka vipele vya baridi, Shangazi Leonida,” Lucas alisema, akitazama kioo cha kamera.

“Vifute.”

Akavifuta kwa kidole kwenye simu, kama mtu anayepangusa makombo mezani. Na chini ya picha watu waliandika: Motooo. Dada unaunguza. Karatu inawaka. Bibiana aliyasoma polepole, neno kwa neno, akiwa amejifunika blanketi nyuma ya duka, bado anatetemeka.

Sharti lilikuwa moja tu: asigeuke. Akitembea kwa ajili ya video, aende mbele, asimame, arudi kinyumenyume akitabasamu. Akajifunza. Ikafika mahali akaweza kurudi nyuma duka zima bila kugusa meza, kama ng'ombe anayeondoka kwenye zizi bovu. Wasichana wa Karatu walipoona video wakadhani kurudi kinyumenyume nako ni mtindo. Jumamosi moja Bibiana aliwaona wawili wakifanya hivyo nje ya benki, mmoja akamkanyaga mbuzi.

*

Dada yake Bibiana, Sofia, alichumbiwa na Emmanueli, dereva wa magari ya watalii, kijana mpole ambaye nguo zake zote zilikuwa za khaki, hata za kanisani. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti kwao, ikapangwa mwezi wa saba. Baba hayupo, wajomba wako Mbulu, basi uenyekiti wa kamati ukaangukia kwa Shangazi Leonida, au tuseme aliudaka kabla haujaanguka.

Kikao kilifanyika Daa, nyumbani kwa mama yao, Penina. Watoto wake walimwita Aayo, yaani mama, kwa Kiiraqw. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sweta jekundu lililokolea, refu, la vifungo vikubwa. Mwaka jana aliugua nimonia akalazwa mpaka watu wakaanza kuongea kwa sauti ya chini barazani. Alipotoka daktari alimwambia kifua chake sasa si cha kuchezewa, akifunike. Toka hapo sweta na Aayo hawakuachana, labda siku ya kulifua tu, na siku hiyo alikaa jikoni karibu na moto kulingoja likauke.

“Sare itakuwa mabega wazi,” alisema Shangazi. “Rangi ya shampeni.”

Wanawake wakatazamana. Shampeni hakuna aliyewahi kuiona Daa. Wakaulizana kwa Kiiraqw, wakakubaliana kwamba lazima ni rangi ya uji wa ulezi uliozidiwa maziwa.

“Mwezi wa saba?” aliuliza Lusia. Huyu alikuwa jirani wa Aayo, muuza mtumba mnadani, mwanamke mwenye mwili wa kutosha na mdomo wa kutosha. “Leonida, hiyo dunia yako haina mwezi wa saba?”

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka.

“Lusia, wewe unauza nguo walizovua watu. Mimi nauza wanazovaa.”

“Sawa. Lakini Mzungu mwenye mtindo wake mimi namwona kila siku pale kona. Anapanda kreta amejifunga skafu mpaka puani. Mabega yake sijawahi kuyaona. Nilidhani hana.”

Kicheko kikazidi. Shangazi akangoja kiishe, kama mwalimu.

“Magauni nimeshaagiza, yako njiani. Na jambo moja tuelewane. Sitaki sweta, shuka wala jaketi juu ya sare. Lucas anapiga picha, zitaingia kwenye ukurasa wangu, na dunia nzima itaona. Aliyejifunika atakaa nyuma, karibu na masufuria. Meza kuu ni ya sare.”

Aayo aliinua mkono, nusu.

“Wifi. Na hili langu? Nikilivaa juu kidogo tu?”

“Wifi Penina, hilo ni la kukamulia ng'ombe.”

“Kifua changu unakijua.”

“Ni saa chache.”

“Na mimi ndiye ninayemkabidhi mtoto.”

“Ndiyo maana. Wewe ndiye utakayeonekana sana.”

Watu wakamtazama Sofia, kwamba aseme. Sofia alikuwa akivuta uzi kwenye ncha ya khanga yake. Alimpenda mama yake, lakini zilikuwa wiki nyingi sasa alikuwa akiangalia picha za sendofu za watu wengine.

“Aayo,” alisema bila kuinua macho, “ni saa chache tu.”

Aayo akaushusha mkono. Bibiana, aliyekuwa akigawa chai, alipomfikia mama yake akamjazia kikombe mpaka kikamwagika kwenye kisahani. Hiyo ndiyo hotuba aliyoiweza.

Usiku uliofuata walipokuwa wakichambua maharage, Aayo alisema, kama anayejijibu mwenyewe, “Nitalivua. Mtoto hakabidhiwi na mtu wa nyuma ya masufuria. Nikiugua, nitaugua ameshaolewa.”

“Aayo, magauni ya Shangazi…” alianza Bibiana.

“Yana nini?”

“Hamna.”

*

Magauni yalifika yamefungwa kwenye gunia. Yote yalikuwa saizi moja, kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyobaki huko yalikotoka. Shangazi aliyakunjua, akayapima kwa macho, akavuta pumzi, akamtuma Bibiana sokoni kununua vibanio. Si vichache. Alinunua mpaka muuzaji akamuuliza kama wamefungua hoteli.

Kisha wanawake wakaanza kuitwa, mmoja mmoja, kwenye chumba cha nyuma cha duka. Bibiana ndiye aliyeshika bakuli la vibanio. Kila mwanamke aliingia akichekacheka, akavalishwa gunia lake la shampeni, akasimamishwa mbele ya kioo. Shangazi akatingisha kichwa kwa huruma.

“Mama, mwili wako una tatizo kidogo. Si kosa lako. Wenzako wote limewakaa, wewe tu ndiye limekataa. Lakini usijali, nitakubana hapa nyuma, nitafunika na lesi hii, hakuna atakayejua. Siku ya sherehe usiegemee sana. Na usimwambie mtu, utajiaibisha bure.”

Vibanio vikalia, ta, ta, ta, toka shingoni kushuka. Juu yake Shangazi akaning'iniza kipande cha lesi, kama pazia la dirisha linaloficha ukuta. Na mwanamke akatoka akiwa ameinamisha macho, anatembea wima, anamkuta mwenzake mlangoni anangoja zamu yake. “Limekukaa?” “Limenikaa.” Basi.

Hata Lusia. Bibiana alidhani hapo ndipo mambo yatakapolipuka. Lusia, ambaye mnadani aliweza kumzodoa mgambo mbele ya wateja! Lakini Shangazi alipomwambia kwamba katika wanawake wote wa Daa ni mwili wake tu ulioshindikana, Lusia alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akauliza taratibu, “Mimi tu?”

“Wewe tu, dada yangu.”

Mdomo wote ule ukafungwa na vibanio vya kuanikia nguo.

Wa mwisho alikuwa Aayo. Alivua sweta, akalikunja vizuri, akampa Bibiana alishike pamoja na bakuli. Mabega yake yalikuwa membamba, na mifupa ya shingo ilitoka kama vishikio vya kikapu.

“Umekonda, wifi,” alisema Shangazi, kibanio mdomoni. “Gauni halina pa kushika. Wenzako wote limewakaa.”

“Ni ugonjwa,” alisema Aayo, kana kwamba anaomba radhi.

Bakuli mikononi mwa Bibiana lilikuwa karibu tupu, na alijua kila kibanio kilikokwenda. Akachukua kingine, akampa Shangazi.

Siku ya mnada alikwenda na mama yake kununua vitunguu vya sherehe. Walipitia kwa Lusia wamsalimie. Lusia alikuwa mpole isivyo kawaida, amekaa juu ya marobota yake bila kuita wateja. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na kitundu cha kuku, na upande wake uliotoboka ulikuwa umezibwa kwa kitambaa chenye mng'ao. Bibiana akainama. Mabega wazi. Mshono wa kifuani ule ule, rangi ile ile ya uji, isipokuwa hapa jogoo alikuwa amekwishaweka alama zake.

“Limetoka kwenye robota la mwezi wa kwanza,” alisema Lusia alipoona anatazama. “Hakuna aliyelitaka hata la kudekia. Yapo mengine matatu huko ndani. Hao wenye dunia wameshalivua zamani, mwanangu, wakalitupa. Likapita huku kwenda kwa kuku, sasa linarudi kwetu kwa sherehe.” Kisha kwa sauti ndogo, isiyo yake: “Lakini wenzangu limewakaa. Labda ni mimi tu.”

Bibiana alifungua mdomo. Akaufunga. Jogoo akamtazama kwa dharau, na alikuwa na haki.

*

Siku ya sendofu ukungu ulishuka mapema, ukaukalia mji kama kuku anayeatamia. Ukumbi ulikuwa mkubwa, sakafu ya simenti, madirisha hayafungi. Maua ya plastiki yalipangwa mezani, na mvuke ulitoka midomoni mwa wageni kana kwamba kila mmoja anavuta sigara.

Mlangoni alisimama Shangazi Leonida, na pembeni yake palikuwa na meza ndefu. Kila mwanamke wa sare aliyefika alivuliwa alichokuja nacho juu. Mashuka mekundu, mashuka ya bluu, masweta, jaketi la manyoya lenye picha ya dubu, koti la mvua la marehemu mume wa mtu. Vyote vikarundikwa pale mezani mpaka lundo likafika kifuani, na ndilo lililokuwa kitu pekee chenye joto ukumbini. Shangazi peke yake alivaa koti, refu, la sufi. Mwenyekiti wa kamati, alieleza, lazima atofautishwe.

Ndani, wanawake wa Daa walikaa kwenye viti vya plastiki, wima kama mishumaa, mikono imekumbatia viwiko. Hakuna aliyeegemea. Hakuna aliyegeuka kumsalimia wa nyuma. Kila mmoja aliamini ukumbi mzima unamtazama mgongo. Lusia alikuwa mstari wa mbele, midomo ya zambarau, anatabasamu kwa meno yaliyogongana.

Aayo alifika na Sofia. Sofia alikuwa amependeza, hilo lazima lisemwe, na yeye alikuwa na gauni la mikono mirefu, kwa sababu bibi harusi hana sare. Aayo alisimama mlangoni na sweta lake.

“Wifi,” alisema Shangazi, mkono umenyooshwa.

Aayo alifungua kifungo cha kwanza. Kisha cha pili. Alifungua taratibu, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala. Alipofika cha mwisho akakohoa, kikohozi kile kirefu cha mwaka jana ambacho Bibiana alikuwa amekihesabu kuwa kimekwisha. Sofia akamgeukia mama yake. “Aayo…” Lakini emsii alikuwa ameshaanza kupiga kelele kwenye kipaza sauti, na muziki ukamchukua bibi harusi mbele.

Sweta likatupwa kwenye lundo.

“Na sasa, mabibi na mabwana!” emsii alinguruma. “Kabla mama mzazi hajasimama kumkabidhi binti, mwenyekiti wetu ametuandalia zawadi ya macho! Sura mnayoiona mtandaoni kila siku, leo iko hapa mzima mzima! Anawaletea mtindo wa dunia! Makofi kwa Bibianaaa!”

Bibiana akatembea. Alitokea ubavuni mwa meza kuu, akawaendea wageni juu ya zulia jekundu, mabega wazi, vibanio mgongoni, lesi nyuma. Wageni wa upande wa bwana harusi walipiga mluzi. Simu zikainuliwa. Lucas akarudi nyuma mbele yake akimfuata kwa kamera. Alifika mwisho, pale mbele ya mstari wa kwanza, akasimama, akacheka na macho. Zamu ya kurudi kinyumenyume ikafika, akatupa jicho nyuma apime njia.

Mama yake alikuwa ameshafikishwa kwenye meza kuu. Aliketi chini ya taa, mdogo kuliko kiti. Mabegani pake palikuwa pametoka vipele, vingi, na hapakuwa na mtu wa kuvifuta kwa kidole. Alikuwa akimtazama Bibiana kwa fahari, anatetemeka, anapiga makofi.

Bibiana akageuka.

Akageuka kabisa, akawapa ukumbi mgongo. Kisha akashika ile lesi begani, akaivuta. Ikashuka chini.

Muziki uliendelea peke yake kwa muda. Vibanio vya bluu na vya njano vilisimama mgongoni pake chini ya taa kama miiba ya nungunungu, na nyuma ya vibanio hivyo kitambaa kilikuwa kimejaa mikunjo, upana wa gunia zima.

“Ni matatizo ya kimitambo!” emsii alisema, kwa sababu emsii hulipwa aseme kitu. “Yaani… hitilafu ndogo…”

“Ngoja!” Lusia alikuwa amesimama. Alitazama mgongo wa Bibiana, akautazama tena. Mkono wake ukaenda nyuma ya mgongo wake mwenyewe, polepole, kama mtu anayetafuta nyoka gizani. “Ngoja, ngoja. Na mimi ninavyo!”

“Lusia, kaa!” Shangazi alifoka kutoka mlangoni.

“Sikai! Wewe Leonida uliniambia ni mimi tu!” Akageuka, akanyanyua lesi yake. “Jamani tazameni, si mimi tu?”

“Na mimi,” alisema mwanamke wa nyuma yake.

“Hata mimi! Nimechomwa tangu asubuhi!”

“Aliniambia nina tumbo la ajabu!”

“Mimi aliniambia ni mabega ya kiume!”

Lesi zikaanguka mstari kwa mstari. Lusia alijishika, akavuta kibanio kimoja, kikadondoka sakafuni: ta. Akavuta kingine. Kisha ukumbi mzima ukawa unalia ta, ta, ta, kama mvua ya mawe juu ya bati, na magauni yakafunguka yakarudi kuwa kama yalivyozaliwa, magunia, na ndani ya magunia hayo wanawake wa Daa walicheka mpaka wengine wakashikilia viti. Walicheka kwa ghadhabu. Kicheko cha namna hiyo ndicho kibaya zaidi, hakina pa kukikamata.

“Muziki! Emsii, ongeza muziki!” Shangazi alilia.

“Ongeza tu,” alisema Lusia akielekea mlangoni, gauni likimfuata kama hema lililong'oka. “Tunaenda kuvaa.”

Wakalivamia lundo. Mashuka yakaruka, majaketi yakapata wenyewe, lenye dubu likagombewa. Lakini Bibiana alikuwa ameshatangulia. Aliingiza mkono katikati ya lundo bila kutazama, akalitoa lile sweta jekundu, akarudi nalo mbele, akitembea kama watu wanavyotembea, uso mbele. Akamvalisha mama yake kwenye meza kuu. Akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka kile cha kidevuni. Sofia alikuja akapiga magoti upande wa pili, akaishika mikono ya mama yake akaipulizia, na machozi yakaharibu poda yote aliyopakwa na Shangazi.

“Nisamehe, Aayo. Nikabidhi ukiwa umevaa hivyo hivyo.”

Na Lucas, ambaye hakuwa na akili nyingi lakini alikuwa na kamera, akapiga.

Ndipo Shangazi Leonida alipofika mbele, koti lake wazi, na chini ya koti, kwa mara ya kwanza mbele za watu, suruali ya kiume na mabuti ya mvua. Hata hakukumbuka kuyaficha. Watu walioyaona wakagusana.

“Wewe mtoto,” alisema. “Umeniaibisha mbele ya wakwe. Nimekutoa Daa na fagio. Nimekufanya uonekane. Mji mzima unakuita moto. Kama ulikuwa na shida si ungesema? Miezi yote hii! Ulikuwa na mdomo. Haya, sema, shida yako ilikuwa nini?”

Emsii, kwa mazoea tu, akasogeza kipaza sauti.

Bibiana alikitazama. Alitazama wanawake waliosimama mlangoni ndani ya mashuka yao na majaketi ya shule za mbali, wakimngoja. Vibanio vyake bado vilimuuma.

“Nilikuwa nasikia baridi, Shangazi,” alisema. “Kwenye picha zote. Nilikuwa nasikia baridi.”